Kosa la Kumwamini Mpangaji

Pwaa!

Kisha kimya kifupi, kama mtu anayevuta pumzi. Pwaa! Ukiwa bado mtaa wa tatu, hujaliona jengo wala bendera wala foleni, ulikwisha jua kwamba serikali imeamka na muhuri wake uko kazini. Kina mama walipikia maharage kwa mshindo ule: ukihesabu pwaa mia tatu, epua sufuria. Watoto wachanga walibembelezwa nao. Siku za sikukuu, muhuri ulipopumzika, mji mzima ulikosa usingizi.

Jina la nchi yenyewe nalijua vizuri, nimezaliwa humo, ila sina ruhusa ya kuliandika. Nilipokwenda kuomba ruhusa niliambiwa nilete wadhamini wawili, mmoja wao awe marehemu mwenye sifa njema. Aliye hai sikumpata. Marehemu hajajibu barua. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na wewe msomaji usinisaidie kubahatisha.

Mshindo ulitoka katika Wizara ya Udhamini na Kuaminiana. Juu ya lango lake kuna maandishi ya shaba: TUNAAMINIANA. LETE MDHAMINI. Wizara iliundwa miaka kumi na mmoja iliyopita, na mimi nilikuwapo uwanjani Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa kwanza na hadi leo wa mwisho, alipoizindua kwa hotuba ambayo bado inafundishwa mashuleni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Uaminifu ni rasilimali ya taifa! Je, dhahabu tunaiacha ikizagaa mitaani? Je, miti ya misitu yetu tunamwachia kila mtu akate apendavyo? Basi kwa nini uaminifu uendelee kutumiwa ovyo, na watu wasio na mafunzo, bila kibali, bila fomu?"

Tulipiga makofi sana. Tulikuwa na fomu za kupigia makofi.

Tangu siku ile, kumwamini mtu bila karatasi kukawa kosa la jinai, jina lake kuamini kiholela, kifungo miezi mitatu. Jirani yangu mmoja alimwazima mwenzake kinu bila mdhamini. Mwenzake akakirudisha kesho yake, kimeoshwa, jambo ambalo mahakamani lilihesabiwa kuwa ushahidi mzito dhidi ya wote wawili. Na kila asubuhi, kabla ya dirisha la kwanza kufunguliwa, foleni nzima ya Wizara huimba kiapo hiki, mkono kifuani:

*Sitamwamini jirani,*
*Hata awe ni mwandani,*
*Hadi nijue ni nani*
*Amemdhamini yeye.*

*Salamu nikipokea,*
*Nitakaa nangojea*
*Muhuri kuigongea,*
*Ndipo nimjibu yeye.*

Nchi tulivu, yenye mizani.

*

Katika mtaa wetu alikuwapo fundi wa vitasa, jina lake Chande. Kijana mwembamba, vidole virefu, kichwa kigumu. Hakuna mlango mjini ambao Chande hakuwahi kuupigia magoti. Alijua nyumba ipi ina komeo bovu, alijua nani amebadilisha kitasa baada ya kugombana na mkewe, na kiunoni alining'iniza ule ufunguo wa kufungulia kila kitasa, ambao mafundi wameupa jina lisilosemwa mbele ya wakwe.

Yeye mwenyewe mlango hakuwa nao. Alilala kibandani, juu ya meza yake ya kazi, miguu ikitokeza nje, na kibanda kilifungwa kwa kamba, maana kufuli zote zilizokuwamo ndani zilikuwa za wateja.

Hilo halikumsumbua mpaka alipomposa Mwatumu, mpishi wa shule ya msingi, msichana mwenye ulimi uliowahi kumfanya mwalimu mkuu aombe radhi kwa uji. Posa ilipokelewa. Ndoa ikapangwa Ijumaa. Siku ya Jumatatu baba yake Mwatumu, Mzee Ngwali, mstaafu wa posta, alimwita Chande barazani.

"Ijumaa mnafunga ndoa, siyo?"

"Inshallah, mzee."

"Na baada ya ndoa, binti yangu atalala wapi? Juu ya meza au chini ya meza?"

Chande akatazama vidole vyake.

"Mimi sina ubaya na wewe," akasema Mzee Ngwali. "Lakini humu ndani tuko tisa na vyumba viwili. Na sheria unaijua. Wanandoa wasio na anwani wanaandikwa kwenye daftari kuwa wazururaji wawili. Mimi nimepeleka barua miaka thelathini na mbili. Sitamtoa mtoto wangu kwenda mahali ambapo barua haifiki. Uwe na mlango hadi Ijumaa. La sivyo ndoa hakuna, na pilau tutakula wenyewe."

Mwatumu alikuwa nyuma ya pazia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Fundi gani huyu, milango ya mji mzima anaijua isipokuwa wake!"

"Utaupata mlango wako," Chande akajibu pazia.

"Mimi nataka na dirisha."

*

Chumba kilikuwapo. Bi Zamda, mjane wa nyumba ya pili kutoka msikitini, alikuwa na chumba cha uani, safi, chenye dirisha la mashariki na mlango wa mninga. Kilikuwa kitupu mwaka wa tatu sasa. Wapangaji walikuja wengi. Wenye wadhamini hawakuja.

"Chumba nimekiona, Bi Zamda," Chande akasema. "Nakitaka."

"Mwanangu, moyoni ni chako. Kwenye karatasi si chako."

"Si mimi niliyekufungulia siku ile ulipojifungia nje na jiko linawaka ndani?"

"Ni wewe."

"Ulipotaka kunilipa, nilipokea?"

"Ulikataa. Ukanywa chai, ukaenda."

"Sasa leo huniamini?"

Bi Zamda alitazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta ndani kwa mkono wa shati. "Nyamaza wewe! Maswali gani hayo ya kuniuliza barazani? Nakuamini kama nilivyomwamini marehemu mume wangu. Ndilo kosa lenyewe! Nina sukari, nina presha, jela nitaiweza? Nenda kalete mdhamini mmoja tu, japo mfupi."

Chande akaanza kuzunguka kwa wateja wake. Wote walimpenda. Wote walimkaribisha ndani, wakamwonyesha vitasa vyao vinavyofanya kazi vizuri, wakamwombea dua. Kusaini hakuna aliyekubali.

"Elewa, fundi," mwenye duka la nguo alimwambia kwa upole. "Wewe mlango wowote mjini unaufungua. Nikikudhamini, kila kijiko kikipotea nitaulizwa mimi."

Hapo Chande aliwaka. "Ningekuwa mwizi," akasema, "ningekuwa na nyumba!"

Mwenye duka alilitafakari jambo lile, akakubali kwamba lina ukweli, akafunga mlango.

*

Jumanne Chande alijipanga Wizarani. Karani wa dirisha la kwanza, Bwana Pazi, alikuwa mtu mnyoofu ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kumsaidia mtu yeyote kwa upendeleo, wala kwa njia nyingine.

"Mdhamini," akasema Bwana Pazi.

"Sina. Nimekuja kuuliza, asiye na mdhamini afanyeje?"

"Alete barua ya mjumbe wa nyumba kumi, inayoeleza kwamba hana mdhamini."

"Nimetoka kwa mjumbe. Ananifahamu, kufuli lake nimelitengeneza mimi. Lakini anasema barua anawaandikia wakazi wa nyumba zake kumi tu. Mimi sina chumba, kwa hiyo si mkazi wa nyumba hata moja."

"Sahihi kabisa. Huyo ni mjumbe mzuri. Basi pata chumba kwanza."

"Chumba sipati bila mdhamini."

"Sahihi pia." Bwana Pazi alimtazama kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi mwepesi. "Umeshaielewa sheria vizuri kuliko wengi. Anayefuata!"

Nje, penye kivuli cha ukuta, walisimama wadhamini wa kukodi. Walikuwa sita na walikuwa na koti moja. Anayepata mteja hulivaa koti, huingia ndani akiwa mtu mwenye heshima zake, hutoka, hulivua, humpa mwenzake. Mkubwa wao, mzee mmoja aitwaye Sururu, alimshika Chande begani.

"Kijana, mimi nimedhamini watu mia tatu na kumi na mbili. Hakuna aliyenikamata."

"Na wewe unakaa wapi, mzee?"

"Hapa hapa, kwenye veranda ya Wizara. Nyumba nimekosa. Sina mdhamini."

Chande alicheka hadi akajishika ukuta. Kisha akanyamaza, maana aliona mzee hacheki.

"Ngoja nivae koti, nikufanyie kwa bei ya asubuhi," Sururu akasisitiza.

"Hapana, mzee wangu. Nikiingia kwenye ndoa kwa jina la kukodi, nitatoka na mke wa nani?"

Wale sita walimshangaa. Walikuwa hawajaona maskini mwenye kiburi siku nyingi, wakadhani ugonjwa.

*

Jumatano mshindo haukusikika.

Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Maharage ya mji mzima yakaungua. Watu walitoka nje na sufuria mkononi, wakatazama kuelekea Wizarani kama watu wanaosubiri mwezi.

Nitaeleza kilichotokea kama kilivyotangazwa, bila kuongeza neno. Mheshimiwa Tindwa, katika kuuenzi muhuri, aliagiza sefu kutoka ng'ambo: chuma tupu, kimo cha mtu, mlango wake ukisukumwa unajifunga wenyewe. Jumanne jioni, mbele ya wapiga picha, aliuweka muhuri ndani kwa mikono yake. Halafu, akikumbuka kwamba ufunguo ukizagaa unaweza kuangukia mikono isiyodhaminiwa, aliuweka nao ndani ya sefu, kwa usalama zaidi, akasukuma mlango. Wapiga picha walipiga makofi. Tarishi mmoja tu ndiye aliyekohoa, na alihamishwa kikazi.

Nchi ikasimama. Wagonjwa waliopona hawakuweza kutoka hospitali. Maiti mmoja alirudishwa nyumbani, karatasi zake hazikutimia. Na Mheshimiwa mwenyewe, aliyekuwa ameamuru, kwa mfano mwema, kwamba viongozi wanaoishi nyumba za serikali wagongewe kibali kipya kila jioni kabla ya kuingia, alizuiwa mlangoni kwake na askari wake.

"Kijana, hunijui mimi?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Ndiyo hatari yake. Kanuni ya tisa inasema anayejulikana achunguzwe mara mbili."

Mkewe alimpitishia sahani ya wali dirishani. "Mume wangu," akamwambia, "mimi nakutambua kabisa. Tatizo ni hawa."

Mheshimiwa alilala juu ya meza ya ofisi, miguu ikitokeza nje.

*

Alhamisi walitafuta fundi. Mafundi wengine wote wa vitasa walikwisha nyang'anywa leseni kwa kukosa wadhamini. Alibaki Chande, ambaye leseni hakuwahi kupewa, kwa hiyo hakuwa na cha kunyang'anywa. Ijumaa asubuhi, gari la serikali lilimkuta kibandani akinyoosha kanzu ya harusi kwa pasi ya mkaa. Nikaha ilikuwa imebakiza saa chache, mlango alikuwa bado hana, lakini kanzu aliinyoosha.

Akaivaa, akafikishwa langoni. Foleni ya siku tatu ilikuwa bado ipo; watu wa nchi yetu hawaachi foleni kwa sababu ndogo kama kufungwa kwa ofisi. Mheshimiwa Tindwa alitoka mbio, suti imejikunja, ndevu za siku tatu.

"Fundi! Mwokozi! Ingia, ingia!"

"Simama," akasema askari wa lango. "Mdhamini wako nani?"

"Mimi nitamdhamini!" akapaza sauti Waziri.

"Fomu, Mheshimiwa."

"Hii hapa, nimesaini!"

Askari aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Haina muhuri."

"Muhuri uko ndani ya sefu, mpumbavu wewe! Huyu ndiye wa kuifungua sefu!"

"Akishaifungua, muhuri ukitoka, fomu ikigongwa, ataruhusiwa kuingia kwenda kuifungua," askari akaeleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto. "Kanuni uliandika wewe, Mheshimiwa. Mimi nimeikariri tu."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Akaangalia huku na huku kutafuta fomu ya kuchekea, asiione, akaendelea kucheka.

"Sema kwa mdomo basi," Chande akasema. "Sema, 'Namwamini fundi huyu.' Askari anasikia, watu wanasikia. Neno la Waziri halitoshi?"

Mheshimiwa Tindwa akabadilika rangi. "Kwa mdomo? Hadharani? Kijana, unajua nilichojenga miaka kumi na mmoja? Unataka nibomoe nguzo ya taifa kwa... kwa ulimi?" Akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena. "Nam... Nam..." Jasho likamchuruzika. Kilichokosekana hakikuwa nia. Alikuwa amesahau namna linavyotamkwa.

Watu wakaanza kunyanyua shingo, kwani nyuma ya foleni palikuwa na sauti za kina mama; habari za gari la serikali zilikuwa zimefika mtaani. Alikuja Bi Zamda kwa fimbo yake, nyuma yake Mwatumu na hina mikononi, na nyuma yao Mzee Ngwali akilalamika kwamba bibi harusi hatoki nje siku ya harusi.

"Nimengoja karatasi yenu siku tatu," Bi Zamda akasema, akipumua kwa shida. "Chumba changu kinaliwa na mchwa mwaka wa tatu. Tena huyu kijana anaoa leo. Sikilizeni nyote! Mimi Zamda, mwenye nyumba ya pili kutoka msikitini, namwamini Chande. Bila mdhamini. Namwamini kiholela! Haya, nikamateni, dawa zangu nimekuja nazo."

Aliinua mfuko wa dawa ili waone.

Askari, mtu wa wajibu, alitoa pingu, akapiga hatua moja, akasimama. Akatazama pingu. Akamtazama Waziri.

"Mheshimiwa, hati ya kumkamata."

"Mkamate tu!"

"Haiwezekani. Hati lazima igongwe muhuri."

Ilichukua muda kuingia vichwani. Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Mwatumu. Alianza kucheka kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, akapaza sauti: "Jamani! Leo hawawezi kumkamata mtu! Aminianeni!"

Basi pale langoni mwa Wizara ya Udhamini na Kuaminiana palizuka vurugu ambayo magazeti hayakuiandika, kwa kukosa kibali. Watu waliaminiana ovyo ovyo. Mmoja alimwazima baiskeli mtu ambaye hakumjua hata jina. Wanawake wawili waliokuwa hawajabadilishana chumvi miaka kumi na mmoja walikumbatiana wakilia. Mwenye duka la nguo alisimama mbele ya mzee Sururu, akamwambia ana banda nyuma ya duka, si zuri, lakini lina paa. Mzee akalivua koti, asijue ampe nani. Bwana Pazi alichungulia kutoka dirisha la kwanza, akatazama kushoto na kulia, akamwambia mfagizi wake, kwa mnong'ono, kwamba siku zote alimwona mtu mzuri.

"Fundi!" Mheshimiwa alimshika Chande kanzu. "Wewe unaweza kuokoa nchi. Ruka ukuta! Pita dirishani! Nitafumba macho!"

"Siingii nyumba ya mtu kwa dirisha, Mheshimiwa. Hiyo ni kazi ya wezi, na mimi mnaniogopa bado sijaiba. Sefu yako nitaifungua. Siku nane kutoka leo, nikimaliza fungate."

"Siku nane! Taifa litakaaje siku nane bila muhuri?"

Watu walio karibu wakatazamana. Hakuna aliyejua jibu, lakini niliona kwenye nyuso zao kwamba wote walitaka sana kulijua.

*

Ndoa ilifungwa baada ya sala, na saa tisa tulikuwa uani kwa Bi Zamda, mtaa mzima, sinia za pilau zikipita juu ya vichwa. Mheshimiwa Tindwa alitufuata, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Alipewa sahani, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kalamu mkononi kwa mazoea.

Bi Zamda alisimama mbele ya mlango wa mninga, ufunguo kwenye kiganja. Mzee Ngwali alikuwa kando yake, akiupima mlango kwa macho, akausukuma, akaurudisha, akaitikia kwa kichwa kwamba barua inaweza kufika hapa.

"Sasa, mwanangu," Bi Zamda akasema, "karatasi mimi sitaki. Macho yangu yenyewe hayasomi. Lakini siwezi kumpa mtu ufunguo hivi hivi kama nampa karanga. Niambie neno nilale nalo."

"Liandikwe!" akadakia Waziri kutoka kwenye ndoo, akitafuta karatasi mifukoni. "Angalau nakala tatu..."

"Nyamaza, Mheshimiwa," Mwatumu akamwambia, bila ukali. "Watu wanazungumza."

Chande alifungua kinywa, na hapo nikaona kwamba yule mtu asiyeogopa kitasa chochote alikuwa anaogopa. Hakuna aliyemharakisha. Alimtazama mkewe, akamtazama baba mkwe, kisha akamgeukia bibi yule na kusema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Bi Zamda, kodi yako nitaileta mwenyewe mkononi mwako kabla hujaanza kuikumbuka. Mwezi nitakaokosa, nitakuja kukwambia usoni, sitapita nyuma ya nyumba kukukwepa. Usiku ukiugua utagonga mlango huu na utafunguliwa. Nakuahidi mimi, Chande, na nyuma yangu hayupo mtu mwingine."